Nimerejesha bakapu ya programu ya bajeti, miezi miwili haipo. Imeenda wapi?

#1 Mti_Mkavu

Wakuu, salaam.

Nina programu ya bajeti ambayo nimeitumia kwa miaka minne bila kuruka siku. Haina akaunti ya mtandaoni, kila kitu kinakaa ndani ya simu. Wiki iliyopita nimebadili simu. Usiku wa kuhama niliingia kwenye mipangilio ya simu ya zamani nikabonyeza "Hifadhi nakala", ikaniambia imefanikiwa. Faili likapanda Google Drive. Kwenye simu mpya nikasakinisha programu, nikalishusha lile faili, nikabonyeza "Rejesha", ikaniambia tena imefanikiwa.

Nafungua, kila kitu kipo mpaka tarehe 14 ya mwezi wa juzi. Kuanzia hapo ni kweupe.

Kinachonichanganya ni kwamba katikati ya huo weupe kuna miamala mitatu imesimama peke yake: kodi ya nyumba mara mbili na ada ya bima mara moja. Kama data imepotea, hii mitatu imebakije? Faili lina MB 3.1 na tarehe yake ni ya usiku ule ule wa kuhama. Simu ya zamani nimempa mdogo wangu, naye ameshaisafisha.

Najua hela yenyewe haijapotea. Lakini ndani ya miezi hiyo niliandika nani nimemkopesha, nani kanirudishia nusu, nani bado. Hayo hayako kichwani mwangu. Wajuvi nisaidieni, imeenda wapi?

#2 Tatu_Bora

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, maana na mimi natarajia kubadili simu mwezi huu.

#3 Kalamu_ya_Wino

Ndiyo maana mimi sijahama kwenye daftari. Lina miaka 11, halijawahi kuniambia "imefanikiwa" halafu likanificha ukurasa.

#4 Dada_Hesabu

Mzee wa daftari umewahi kufika leo! Tutakurudia.

Mti_Mkavu, kabla hatujalia msiba, angalia mambo mawili. Kwanza kichujio cha kipindi: programu nyingi zikirejeshwa hurudi kwenye mwonekano uliokuwa umehifadhiwa wakati ule. Pili, akaunti zilizofichwa. Mimi niliwahi kutafuta miamala ya mwaka mzima kumbe ipo kwenye akaunti niliyoizima, haionekani kwenye orodha kuu.

#5 Mti_Mkavu

Dada nimeangalia vyote viwili. Kichujio kiko "muda wote". Halafu salio la akaunti ya akiba limerudi kuwa lile la mwezi wa juzi. Kwa hiyo miamala haijajificha, kwenye hesabu haimo kabisa.

#6 MsomaLogi

Nianze na ile mitatu maana ndiyo rahisi. Kodi na bima uliziweka zijiandike zenyewe kila mwezi, sivyo? Basi hazikutoka kwenye nakala. Programu ilipofunguka kwenye simu mpya ilitazama ratiba, ikaona tarehe zimepita, ikaziandika upya. Fungua mmojawapo uone kama una maelezo yoyote uliyoongeza kwa mkono. Nadhani hutayakuta.

Sasa kubwa. Programu nyingi za aina hii huweka data kwenye SQLite, yaani hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja kwenye simu. Tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010, SQLite ina namna ya kuandika ambayo muamala mpya hauendi moja kwa moja kwenye faili kuu. Unaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni lenye jina lile lile na mkia wa "-wal". Chukulia kama daftari la rafu: unaandika rafu kwanza, likijaa kiasi fulani ndipo unahamishia kwenye leja. Wewe ukiwa ndani ya programu huoni tofauti kwa sababu inasoma vyote viwili.

Mtengenezaji akiandika kitufe cha "Hifadhi nakala" kwa haraka, ananakili leja peke yake na rafu inabaki kwenye simu. Faili linakuwa zima, linafunguka vizuri, halilalamiki, ila yale ya mwisho hayamo. Naamini hicho ndicho kilichokupata.

#7 FundiKimya

MsomaLogi nakuheshimu, lakini miezi miwili mizima ikae rafu? Rafu si huhamishwa mara kwa mara?

#8 MsomaLogi

Swali zuri. Kiwango cha kawaida cha SQLite ni kurasa 1000. Ukurasa ukiwa baiti 4096, hiyo ni kama MB 4. Kuandika muamala mmoja mdogo hugusa labda kurasa 3 au 4. Piga hesabu: ni kama miamala 250 hadi 330 kabla rafu haijahamishwa. Mti_Mkavu, wewe kwa siku unaandika mingapi?

Ni kweli programu ikifungwa kwa ustaarabu rafu huhamishwa papo hapo. Lakini kwenye simu ni nani anayefunga programu kwa ustaarabu? Simu ndiyo huiua inapohitaji kumbukumbu. Nakubali mtengenezaji anaweza kubadili kiwango hicho, na mfumo wa simu nao una wa kwake, kwa hiyo siapi.

#9 Mti_Mkavu

Mitatu, minne kwa siku. Na umepatia kuhusu ile ya kodi. Huwa naongeza namba ya risiti kwenye maelezo, hii haina. Kumbe hiyo mitatu ni mipya kabisa.

#10 FundiKimya

Haya, na mimi niweke yangu. Nakubali ile mitatu, kwenye rafu ndipo tunaachana.

Android tangu toleo la 6.0, mwaka 2015, huchukua nakala ya data za programu yenyewe bila wewe kujua. Inafanya hivyo simu ikiwa imetulia, iko kwenye chaji, ina Wi-Fi, na saa 24 zimepita tangu mara ya mwisho. Ukisakinisha programu kwenye simu mpya kwa akaunti ile ile, data hiyo hurudishwa kabla hujaifungua kwa mara ya kwanza.

Sasa sikilizeni hapa. Kila programu ina kikomo cha MB 25. Ikizidi, nakala mpya haichukuliwi, na iliyopo ni ile ya mwisho kabla ya kuzidi. Hakuna kengele inayolia. Mti_Mkavu, una mazoea ya kupiga picha risiti na kuzibandika kwenye muamala? Ulianza lini?

#11 Mti_Mkavu

Duh. Nilianza mwezi huo huo wa juzi. Mwanzoni mwa mwezi.

#12 FundiKimya

Basi ninavyoona mimi, kwenye simu mpya ulikuta data tayari imejaa, ile iliyoletwa na Android, ya tarehe 14. Ukabonyeza "Rejesha", urejeshaji ukafeli ndani kwa ndani, programu ikasema imefanikiwa kwa sababu mtengenezaji hakuandika njia ya kusema hapana. Unachokiona siyo faili lako la MB 3.1. Ni kitu kingine kabisa.

#13 Tatu_Bora

Aisee. Kwa hiyo unaweza kuwa na nakala mbili na usijue unatazama ipi.

#14 Kizibo

Niongeze kisa changu maana kinafanana na cha mleta uzi. Mimi bakapu nilikuwa nayo, tena nilikuwa naiona kwa macho ndani ya simu. Programu ikaanza kukwama, nikasema niiondoe niisakinishe upya, si bakapu ipo. Nikaiondoa. Kurudi kwenye folda, folda lenyewe halipo.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ile folda ilikuwa ya programu yenyewe, ndani ya "Android/data". Ukiondoa programu, mfumo unafagia na folda lake. Nilikuwa nimeweka akiba ndani ya nyumba ile ile ninayoibomoa. Miaka mitatu ya kumbukumbu za mradi wetu wa familia, ikaenda kwa sekunde moja. Mpaka leo nikibonyeza "Ondoa" kwenye programu yoyote mkono unasita.

Tafadhali, mnaposoma hapa: baada ya kuhifadhi nakala, ihamishe nje. Kompyuta, wingu, kadi ya kumbukumbu, popote, ili mradi iwe nje ya folda la programu.

#15 Dada_Hesabu

Pole Kizibo, hiyo inauma.

Ndiyo maana mimi nategemea CSV, lile faili la maandishi matupu ambapo kila muamala ni mstari mmoja. Kila mwisho wa mwezi natoa CSV natuma kwenye barua pepe yangu. Inafunguka popote, hata baada ya miaka 20.

#16 MsomaLogi

Dada_Hesabu, hapa nitakupinga kwa upendo. CSV ni dondoo, haifikii kuwa nakala kamili. Ilishawahi kukulazimu kuirudisha ndani ya programu?

#17 Dada_Hesabu

Kwa kweli sijawahi. Nimeitoa tu.

#18 Nahodha_77

Mimi nimewahi, ngoja nikueleze kilichotokea.

Nilihama kutoka programu moja kwenda nyingine kwa CSV ya mistari kama 6,000. Kwanza, kila nilipohamisha hela kutoka akaunti ya kawaida kwenda akiba, CSV iliandika mistari miwili: mmoja wa kutoka, mmoja wa kuingia. Programu mpya haikujua kwamba hiyo miwili ni kitu kimoja. Ikahesabu kuwa nimetumia hela hiyo, na kwamba nimepata kipato kipya cha kiasi hicho hicho. Ripoti ya mwaka ikaonyesha kipato karibu mara mbili.

Pili, tarehe. Mstari mmoja nilioukodolea macho usiku kucha ulikuwa hivi:

03/04;Matengenezo;-150,00;Akaunti kuu

Ni tarehe 3 mwezi wa 4, au tarehe 4 mwezi wa 3? Programu ilichagua ya pili. Miamala yote yenye siku ya 1 mpaka 12 ikageuzwa, kuanzia siku ya 13 ikabaki sawa kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Na ile 150,00 ikasomwa kuwa 15000 kwa sababu programu haikuelewa kwamba koma ni ya desimali.

Tatu, makundi madogo, malengo ya bajeti, miamala inayojirudia na picha za risiti, vyote havikuja. CSV ni jedwali moja tu. Programu ya bajeti ina majedwali mengi yanayoshikana mikono.

#19 Dada_Hesabu

Nimesoma mara mbili. Kesho naijaribu kwenye simu ya akiba kabla sijasema neno lingine. Ila bado nasema CSV ina faida yake: programu ikifa, angalau maandishi yanasomeka kwa macho.

#20 Nahodha_77

Hapo tuko pamoja. Tarehe ziandikwe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, 2024-03-04, na hakuna atakayebishana nazo. Tunza CSV pamoja na nakala kamili, isiwe badala yake.

#21 Mwanga_wa_Jioni

Hoja ya programu kufa ni ya kweli, tena si ndogo. Kumbukeni Mint, ile ya Marekani iliyokuwa na watu wengi sana. Ilifungwa 2023, watu wakabaki wanahangaika na CSV zao.

#22 Nahodha_77

Marekebisho kidogo: tangazo ndilo lilitoka Novemba 2023, kufungwa kwenyewe ilikuwa Machi 2024. Na kabla yake Microsoft Money iliondolewa sokoni 2009. Kwa hiyo hata mkubwa anafunga.

#23 Mwanga_wa_Jioni

Asante kwa kunyoosha.

Mimi sikuja kwa hilo hasa. Nimekaa na swali langu mwezi wa tano sasa, nimeona hapa kuna watu waelewa.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika hesabu zote za nyumba, kwenye programu ya bajeti. Bakapu zake nimezikuta kwenye kompyuta, zimepangwa vizuri, kila Jumapili moja, kama alivyokuwa mtu wa utaratibu. Nikijaribu kuirejesha kwenye simu yangu inaomba nywila. Nimejaribu tarehe zetu zote, majina ya watoto, namba ya nyumba. Nikifungua lile faili kwa kompyuta ni herufi zisizosomeka.

Mle ndani kuna madeni tunayodai na tunayodaiwa. Watu wawili wameshakuja kusema tunadaiwa, mmoja namwamini, mmoja sina hakika. Je kuna njia?

#24 Tatu_Bora

Pole sana dada yangu. Mungu akutie nguvu.

#25 MsomaLogi

Pole sana dada. Nitakwambia ukweli kwa sababu uongo utakuchosha zaidi. Kama faili limefungwa kwa usimbaji imara kama AES-256 na nywila ni ngumu na haijulikani, hakuna fundi anayeweza kulifungua kwa nguvu. Akija mtu kukuambia atalifungua ukilipia kwanza, usimpe kitu.

Lakini usikate tamaa mapema. Simu yake unayo bado?

#26 Mwanga_wa_Jioni

Ninayo. Imezimwa, iko kabatini. Namba ya kuifungua naijua, alinipa mwenyewe siku nyingi.

#27 FundiKimya

Dada, hiyo simu ni ya thamani kuliko bakapu zote. Iweke kwenye chaji, usikubali sasisho lolote, usiondoe programu yoyote, na usibonyeze kitu kinachoitwa "Futa data". Ifungue programu yenyewe ndani ya simu hiyo. Mara nyingi nywila huombwa kwenye bakapu tu, ndani ya simu programu inafunguka kwa namba ya kawaida au bila kitu. Ikifunguka, toa bakapu mpya isiyo na nywila, kisha CSV, kisha piga picha za skrini ya kila akaunti na ukurasa wa madeni. Kwa mpangilio huo huo.

Kuna jambo jingine linaloweza kuwa ndilo. Baadhi ya programu hufunga bakapu kwa ufunguo unaozaliwa ndani ya simu yenyewe na hautoki humo. Bakapu ya namna hiyo haiwezi kufunguka kwenye simu nyingine hata ukiwa na nywila sahihi. Kwa hiyo huenda ulishaandika nywila iliyo sahihi na bado ikakataa.

#28 Mwanga_wa_Jioni

Sikujua kabisa. Nilidhani ni mimi nakosea. Nitaitoa kabatini kesho kukiwa na mwanga, kijana wangu awe pembeni. Asanteni.

#29 Kalamu_ya_Wino

Dada pole. Hapa sisemi daftari.

#30 Kizibo

Kalamu umeonyesha utu.

Wakati tunasubiri, Mti_Mkavu, kuna njia ya kupima kati ya MsomaLogi na FundiKimya. Chukua lile faili la MB 3.1 ulipeleke kwenye kompyuta, ulifungue kwa DB Browser for SQLite, ni programu ya bure. Tazama jedwali la miamala, panga kwa tarehe. Kama ndani ya faili kuna miamala baada ya tarehe 14, basi FundiKimya yuko sahihi. Kama haimo, MsomaLogi.

#31 Mti_Mkavu

Nimejaribu sasa hivi. Inasema hiyo siyo hifadhidata.

#32 MsomaLogi

Lifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, usihifadhi chochote, tazama herufi za mwanzo kabisa. Hifadhidata ya SQLite huanza na maneno "SQLite format 3". Zikiwa ni herufi PK, hilo ni faili la zip. Libadilishe jina liishie na .zip, ulifungue.

#33 Mti_Mkavu

Ni PK! Nimelifungua. Ndani kuna vitu viwili: faili la hifadhidata na faili dogo la mipangilio. Hakuna lenye mkia wa -wal. Picha za risiti hazimo.

Nimeifungua hifadhidata kwenye DB Browser. Muamala wa mwisho ni wa tarehe 19. Siyo 14. Kwenye simu ni 14, kwenye faili ni 19, na nilihama wiki sita baada ya hapo.

#34 FundiKimya

14 na 19! Si nilisema? Unachokiona kwenye simu siyo faili lako.

#35 MsomaLogi

Na faili lenyewe linaishia 19 bila -wal pembeni yake. Si nilisema?

#36 Tatu_Bora

Sasa wote mmeshinda, na mwenye data bado hana data.

#37 Nahodha_77

Jamani msifunge mjadala. Kuna la tatu. Je, kama faili ni la tarehe 19 kweli? Yaani alihifadhi nakala tarehe 19, na kitufe alichobonyeza usiku wa kuhama kilipandisha tena lile lile la zamani. Tarehe inayoonekana kwenye faili si lazima iwe siku lilipotengenezwa. Ukilinakili au kulishusha upya, tarehe inaweza kuwa ya leo. Mti_Mkavu, uliwahi kuhifadhi nakala kabla ya usiku ule?

#38 Mti_Mkavu

Niliwahi, ila sikumbuki lini. Inaweza kuwa 19, siwezi kuapa.

Nimefanya jambo moja: nimefuta data ya programu kwenye simu mpya, nimeanza na tupu kabisa, nimerejesha tena. Sasa imefika tarehe 19. Siku tano nimezipata. Kuna mkopo mmoja mle ndani niliokuwa nimeusahau kabisa, wa jirani. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

#39 Sauti_ya_Chini

Mimi ni wa iPhone, naona mnaizungumzia Android tu. Kwetu nako kuna mitego. iCloud ya bure ni GB 5, ikijaa bakapu ya simu inasimama, na ile taarifa unaizoea kama kelele za barabarani. Pili, bakapu hiyo ni ya simu nzima. Programu yako kama haina utaratibu wake, kuitoa data yake peke yake humo inakulazimu ufute simu yote uirejeshe upya. Tatu, "Hamisha programu" na "Futa programu" zinakaa jirani kwenye skrini moja. Ya kwanza inatunza data, ya pili haitunzi. Dada yangu alibonyeza ya pili.

#40 Dada_Hesabu

Na wale wanaosema "mimi sina haja ya bakapu, yangu inajisawazisha na wingu"? Mimi na mume wangu tuna bajeti moja kwenye simu mbili. Mtoto alifuta akaunti nzima kwenye simu ya baba yake, akakubali na lile swali la "Una hakika?". Nilikuwa jikoni na simu yangu mkononi, natazama, mistari ikayeyuka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yangu. Kusawazisha kunapeleka kila kitu, na makosa pia. Kuanzia hapo nikaanza na CSV zangu ambazo leo mmezitia doa.

#41 Mwanga_wa_Jioni

Naleta mrejesho mfupi. Simu imewaka. Programu imefunguka bila nywila yoyote. Ukurasa wa madeni upo, na mwandiko wake kwenye maelezo ni ule ule, anaandika "nimemwahidi mwisho wa mwezi" na kadhalika. Yule niliyemwamini yuko kwenye orodha, kiasi ni kile kile alichosema. Yule mwingine yuko pia, lakini pembeni yake imeandikwa "amelipwa yote", na tarehe.

Nimetoa bakapu isiyo na nywila, CSV, na picha za skrini 64. FundiKimya, nakuombea kheri.

#42 FundiKimya

Alhamdulillahi. Dada umenifanya nikae kimya kweli leo.

#43 Kalamu_ya_Wino

Nimeguswa. Naomba niulize kwa dhati, siyo utani: mtu wa daftari kama mimi, likiungua je? Hapa mnahangaika na nakala, mimi sina hata moja.

#44 Nahodha_77

Kalamu, karibu. Kuna kanuni inaitwa 3-2-1, iliyosambazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa daftari, piga picha kila ukurasa mwisho wa mwezi, weka winguni, na nyingine kwenye kompyuta ya ndugu. Dakika tano tu.

#45 Kizibo

Kanuni ni nzuri, ila kwangu mimi nakala tatu za faili bovu ni faili bovu moja. Ninachofanya siku hizi: kabla ya kuhifadhi naandika kwenye karatasi idadi ya miamala na salio la kila akaunti. Kisha narejesha kwenye simu ya pili, ya zamani isiyo na laini. Nalinganisha. Idadi ikipungua hata kwa mmoja, siigusi simu ya kwanza. Mara ya mwisho ilikuwa 4,212 upande mmoja na 4,209 upande wa pili, na nilizunguka siku mbili mpaka nikaipata ile mitatu.

#46 Tatu_Bora

Ilikuwa wapi?

#47 Kizibo

Ni mistari yenye kiasi cha sifuri. Programu inairuka wakati wa kutoa.

#48 Sauti_ya_Chini

Mti_Mkavu, jambo moja sijaona limeulizwa. Usiku ule wa kuhama ulibonyeza "Hifadhi nakala" mara ngapi?

#49 Mti_Mkavu

Mara mbili. Ya kwanza saa 4:38 usiku, halafu nikaona niongeze mkopo mmoja niliousahau, nikabonyeza tena kama saa 4:50.

#50 Sauti_ya_Chini

Basi ingia Google Drive kwa kompyuta. Bonyeza kulia kwenye lile faili, tafuta "Dhibiti matoleo". Faili likipandishwa juu ya jingine la jina lile lile, Drive inaweza kulitunza la zamani kama toleo, kwa siku 30 au mpaka yafike matoleo 100. Baada ya siku 30 linaweza kufutwa. Leo ni siku ya ngapi?

#51 Mti_Mkavu

Ya tisa. Naingia sasa hivi.

#52 Mti_Mkavu

Wakuu. Yapo matoleo mawili. La sasa MB 3.1, saa 4:51. Chini yake kuna la saa 4:38, MB 3.6. La mapema ndilo kubwa! Linashuka.

#53 MsomaLogi

Usilirejeshe kwenye simu bado. Linakili kwanza mara mbili, sehemu mbili tofauti. Kisha lifungue kama zip kwenye kompyuta, uniambie mafaili yaliyomo ni mangapi na yanaishia na mkia gani.